Kabla Uende India Kutafuta Chui Milia: Jichanue Venye Hizo Mbuga Hufanya Kazi

Tuanze na ukweli mmoja, ju kuna wasee bado hubishana kuhusu hii kitu mtaani: Afrika hakuna chui milia. Yule mnyama wa rangi ya chungwa na mistari myeusi, wengi wetu humwita tu taiga, ni wa Asia. Unaweza kuzunguka Mara mwezi mzima ukaona simba, chui wa madoa na duma, lakini taiga hutaona hata mkia. Ukimtaka akiwa huru msituni, nchi ya kwanza ya kufikiria ni India. Karibu robo tatu ya chui milia wote waliobaki porini duniani wako huko.

Na Kenya tuko ndani ya hii stori kuliko unavyodhani. Pale Nyeri, kwa makaburi ya kanisa la St Peter's, amezikwa jamaa anaitwa Jim Corbett. Alizaliwa India mwaka wa 1875, na ndiye mtu aliyekuwa akiitwa wakati chui milia ameanza kula watu vijijini. Mwaka wa 1907 alimpiga risasi jike wa Champawat, ambaye alisemekana kuua watu 436. Baadaye Corbett alipunguza bunduki akaongeza kamera, akaanza kuambia watu kwamba huyu mnyama ataisha. Akahamia Nyeri mwaka wa 1947, na 1952 alikuwa pale Treetops usiku ule ule Princess Elizabeth alikuwa huko. Alikufa 1955. Mbuga ya kwanza ya kitaifa ya India, iliyoanzishwa 1936, miaka kumi kabla ya Nairobi National Park, ilikuja kupewa jina lake.

Sasa, kama wewe ni kati ya wale wameanza kuweka ganji kando ya safari ya India, ama unaenda huko masomo ama kupeleka mzazi hospitali na unataka siku tatu za kujivinjari, soma hii hadi mwisho. Ju ukienda na akili ya Mara, utalia. Hizo mbuga zina masharti mazito, na kila sharti lina sababu yake. Ukielewa sababu, safari itakuwa fiti hata kama taiga mwenyewe atakuhepa.

Waliisha karibu waishe kabisa

Zamani maharaja na Waingereza waliwinda chui milia kama mchezo. Picha ziko kibao za mabwana wamesimama juu ya mizoga. Halafu misitu ikakatwa kwa mashamba, na ngozi na mifupa ikawa na soko la magendo. Mwaka wa 1972 India ilipohesabu, ilipata chui milia 1,827 pekee. Mwaka huo huo sheria kali ya kulinda wanyama wa porini ikapitishwa, na Aprili 1973 serikali ya Indira Gandhi ikazindua mpango unaoitwa Project Tiger, ikianza na hifadhi 9. Leo zimepita 50.

Si ati mambo yalikuwa shwari kutoka hapo. Skiza hii ya Sariska, hifadhi iliyo Rajasthan, si mbali sana na Delhi. Mwaka wa 2004 vitabu vya serikali vilisema kuna chui milia zaidi ya kumi. Watalii walikuwa wanalipa, wanaingia, wanatoka. Kufika 2005 ukweli ukatoka: hakukuwa na hata mmoja. Wawindaji haramu walikuwa wamemaliza wote, na karatasi bado zinasema wako. Miaka michache baadaye, Panna kule Madhya Pradesh nayo ikafika sufuri.

Hiyo aibu ndiyo ilibadilisha kila kitu. Serikali ikaunda mamlaka maalum ya kitaifa ya chui milia. Njia ya zamani ya kuhesabu kwa kuangalia nyayo ikatupwa, wakaweka kamera zinazojipiga zenyewe msituni. Mistari ya kila chui milia ni tofauti, kama alama ya kidole chako, kwa hivyo ukiwa na picha nzuri huwezi hesabu mmoja mara mbili. Hesabu ya kwanza ya njia mpya, 2006, ilitoa 1,411. Noma. Lakini 2010 wakawa 1,706, 2014 wakawa 2,226, 2018 wakawa 2,967, na 2022 makadirio yakafika 3,682. Sariska wakaletewa wengine kutoka Ranthambore kwa helikopta mwaka wa 2008. Panna nayo ilianza upya 2009 na leo ina zaidi ya 50.

Weka hiyo kwa akili. Kila wakati msee wa langoni atakukazia, kumbuka anatoka mahali ambapo walilegeza kidogo na wanyama wote wakaisha.

Eneo la kati na eneo la pembeni

Hifadhi ya chui milia imegawanywa mara mbili. Kuna eneo la kati, penye mnyama anafaa kuishi na kuzaa bila kusumbuliwa. Halafu kuna eneo la pembeni linalozunguka lile la kati, penye vijiji, mashamba na mifugo bado viko, na watu na wanyama wanajaribu kuvumiliana.

Mwaka wa 2012 mahakama kuu ya juu ya India ilisimamisha utalii wote ndani ya maeneo ya kati. Hebu fikiria vile mahoteli, madere na waelekezi walihisi. Baada ya miezi kama mitatu mahakama ikafungua tena, lakini kwa masharti: utalii usipite asilimia 20 ya eneo la kati.

Maana yake kwako ni hii. Sehemu kubwa ya msitu hutawahi kuikanyaga. Unapewa kipande, na ndani ya hicho kipande unafuata barabara zilizochorwa. Hakuna kukata kona kwa nyasi ju umeona kitu kinasonga. Chui milia akiamua kukaa ndani ya zile asilimia 80, hiyo siku si yako, na hakuna pesa ya kumtoa huko.

Kwa upande mwingine, eneo la pembeni usilidharau. Wanyama hawajui mipaka ya ramani, na mahali kama Tadoba watu huona chui milia hata huko pembeni. Mara nyingi kibali chake hupatikana haraka kuliko cha kati.

Kibali kwanza, tiketi ya ndege baadaye

Hapa ndipo Wakenya wengi watateleza. Kwetu ukiamka Jumamosi na mbogi yako, mna ndae, mnaweza kulipia Nairobi National Park na mkaingia mkae hadi jioni. India haiko hivyo.

Kila hifadhi ina idadi ya magari yanayoruhusiwa kwa kila zamu, na kila zoni ina magari yake. Siku ina zamu mbili: ya alfajiri na ya mchana, kila moja masaa kama matatu ama manne. Unaweka nafasi mtandaoni, kwa tovuti ya serikali ya jimbo husika, miezi kadhaa kabla. Jina lako na nambari ya pasipoti huandikwa kwa kibali, na langoni wanalinganisha. Ukija na pasipoti tofauti na ile uliyoandikisha, ama jina limekosewa, unaweza kuachwa nje na wenzako wakaingia. Beba pasipoti yenyewe, si picha yake kwa simu.

Kwa hivyo mpangilio ni huu: chagua hifadhi, chagua tarehe, tafuta kibali. Ukishapata kibali ndio unalipia hoteli na ndege. Ukifanya kinyume utafika huko upate zoni nzuri zote zimejaa, ubaki kula chapati hotelini ukiangalia tausi.

Kuhusu gari, aina ni mbili. Kuna Gypsy, jeep ndogo iliyo wazi juu, inabeba watalii sita. Halafu kuna Canter. Ndiyo, Canter. Kwetu inabeba mchanga na mahindi, lakini pale Ranthambore imewekwa viti 20 na inabeba watalii. Canter ni bei ya chini, na kwa mwanafunzi si mbaya. Lakini jua inapiga kelele zaidi, na ukikaa na watu 19 usiowajua, kuna mmoja atakuwa anaongea kwa sauti muda wote. Gypsy huenda kwa utulivu na hupita penye Canter haipiti. Kama mko sita, changeni mchukue Gypsy nzima, bei ikigawanywa si mbaya vile.

Gari lako la kibinafsi, liache nyumbani kabisa. Lazima uingie na gari lililosajiliwa, dere aliyesajiliwa na mwelekezi aliyepangwa na hifadhi. Na saa ya kutoka ikifika, imefika. Dere akichelewa langoni anaweza kupigwa faini ama kusimamishwa kazi. Kwa hivyo ukimwambia "dakika tano tu bro", unacheza na unga wa watoto wake.

Pia angalia siku za kufungwa. Mbuga za Madhya Pradesh hazina zamu ya mchana siku ya Jumatano. Tadoba hupumzika Jumanne. Usipange safari ya siku mbili ikaangukia hapo.

Msimu unaamua kila kitu

Mvua za masika ya India huanza kama Juni. Mbuga nyingi za katikati ya nchi, kama Kanha, Bandhavgarh na Pench, hufunga maeneo ya kati kutoka Julai hadi mwisho wa Septemba. Barabara zinakuwa tope, na wanyama wanapata muda wao. Ukienda Agosti ju ndipo likizo yako iko, utakuwa umeenda kuangalia mvua.

Kuanzia Oktoba hadi Desemba msitu ni kijani, mzuri kwa picha, lakini nyasi ni ndefu na maji yako kila mahali, kwa hivyo mnyama anaweza kuwa mita kumi kutoka kwako na usimwone. Desemba na Januari asubuhi ni baridi ya kweli. Gari liko wazi, linakimbia saa kumi na mbili alfajiri, na wewe umekuja na fulana ya kupigia luku. Beba jaketi nzito, kofia na glavu. Mtu wa Limuru ataelewa.

Aprili hadi Juni ndio wakati wa kuona. Majani yamekauka, mito imekauka, maji yamebaki madimbwi machache, na chui milia hupenda maji kuliko paka wengi. Analala ndani kabisa kujipooza. Lakini joto hupita digrii 40, na kwa Canter hakuna paa. Ukichagua huu msimu, kunywa maji, funika kichwa, na usilete ujuaji.

Uende wapi sasa?

Hakuna mbuga moja iliyo bora kwa kila mtu. Cheki hizi kulingana na kile unatafuta.

Ranthambore, Rajasthan. Hii ndiyo rahisi kufika. Stesheni ya Sawai Madhopur iko kwa reli kuu ya Delhi na Mumbai. Ndani kuna ngome ya zamani juu ya mlima, maziwa, na magofu ambayo chui milia hupumzika kwa baraza lake kama mwenye nyumba. Ndipo aliishi Machli, jike maarufu sana aliyewahi kupigana na mamba akamshinda. Alikufa Agosti 2016 akiwa mzee kabisa, na India ilikuwa imeshamtolea stempu ya posta. Ubaya wake ni watu wengi.

Bandhavgarh, Madhya Pradesh. Mbuga si kubwa sana lakini chui milia wamejaa ndani yake. Kama una siku mbili tatu tu na lengo lako ni moja, wengi watakutuma hapa.

Kanha, Madhya Pradesh. Kubwa, tulivu, misitu mirefu na uwanda wa nyasi. Kuna kulungu anaitwa barasingha ambaye mwaka wa 1970 alikuwa amebaki 66 hapo ndani. Wakamlinda na amerudi kwa mamia. Ukienda Kanha unaenda kuona msitu mzima, si mnyama mmoja.

Tadoba na Pench. Zote zinafikika kwa gari kutoka mji wa Nagpur. Kama unaingilia Mumbai, unapanda treni ya usiku hadi Nagpur, asubuhi uko karibu. Kwa Mkenya wa bajeti, hii njia ina mantiki.

Corbett, chini ya milima ya Himalaya. Hesabu ya 2022 ilisema ndiyo hifadhi yenye chui milia wengi zaidi India, 260. Lakini nyasi ni ndefu na msitu ni mzito, kwa hivyo wingi wao si tiketi ya kuwaona. Kuna sehemu inaitwa Dhikala ambapo unalala ndani kabisa ya mbuga. Na ukishaenda, ukirudi pitia Nyeri usalimie mzee.

Sundarbans, West Bengal. Huu ni msitu wa mikoko, na unaenda kwa mashua. Kama wewe ni wa Lamu ama Mida utajihisi nyumbani, isipokuwa huku mikoko ina taiga anayeogelea. Wavuvi na warina asali wa huko wameuawa miaka mingi. Kuna wakati walikuwa wakivaa barakoa ya uso wa mtu kisogoni, ju chui milia hupenda kushambulia kutoka nyuma. Kumwona hapa ni bahati sana. Nenda kwa sababu ya mahali penyewe.

Kaziranga, Assam. Pia ni hifadhi ya chui milia, lakini mfalme wake ni kifaru wa pembe moja. Hesabu ya 2022 ilipata 2,613. Mto Brahmaputra hufurika kila mwaka, kwa hivyo hufungwa wakati wa mvua.

Na kama unataka kuwapiga wasee wa Nairobi stori ya kuwamang'aisha: India pia ina simba. Wako Gir, Gujarat, na ndio simba wa mwisho wa porini nje ya Afrika.

Jifunze kusikiza

Kwetu Mara, simba analala uwandani na magari yanamwona kutoka mbali. Chui milia anaishi msituni, anatembea pekee yake, na mistari yake imeundwa kupotea katikati ya vivuli na nyasi kavu. Kwa hivyo mwelekezi wa India hutafuta kwa masikio kwanza.

Venye inafanyika ni hivi. Gari linasimama, injini inazimwa, kila mtu kimya. Kuna kulungu wa madoadoa anaitwa chital, na tumbili wa uso mweusi anaitwa langur. Langur hukaa juu ya mti na anaona mbali, chital hukaa chini na ananusa. Mmoja akiona chui, anapiga kelele fupi ya hatari, na wote wanajibu. Lakini chital ni mwoga, anaweza piga kelele ju ya kitu kidogo. Ule mkubwa, sambar, akipiga mlio wake mzito, mwelekezi anakaa wima. Sambar huwa hadanganyi sana.

Halafu nyayo. Asubuhi vumbi la barabara ni kama gazeti. Mwelekezi anaangalia anajua ni dume ama jike, amepita saa ngapi, na anaelekea wapi. Ukikaa ukimsumbua na maswali ya mtandao, utakosa hii sehemu yote, na hii ndiyo utamu wenyewe.

Usiende na zamu moja tu. Ukiweza, panga nne ama tano, kwa zoni tofauti. Zamu moja ni kamari. Nne ni nafasi nzuri, ingawa bado si ahadi. Mtu akikuambia "lazima utaona", huyo anauza uongo.

Simu, kelele na pesa ya dere

Najua unataka kupost. Lakini hifadhi kadhaa, Tadoba ikiwemo, zimepiga marufuku simu ndani ya mbuga. Sababu ni rahisi. Dere mmoja akiona chui, akipiga simu kwa wenzake, ndani ya dakika kumi kuna magari ishirini yamemzunguka mnyama, na njia yake ya kuvuka imezibwa. Jike mwenye watoto anaweza kuacha mawindo yake kwa sababu ya hiyo fujo. Na kuna watu wameanguka kutoka kwa gari wakijaribu kujipiga picha.

Kwa hivyo uliza mapema kama simu inaruhusiwa, na kama unapenda picha tafuta kamera. Vaa rangi za udongo na kijani iliyofifia. Manukato acha hotelini. Usitupe hata karanga. Usishuke kwenye gari, na kama unajisikia kwenda haja, maliza kabla ya lango.

Na hii ndiyo muhimu kuliko zote: usimwahidi dere pesa zaidi akusongeze karibu. Unaona kama ni ukarimu. Yeye anaona kama amri. Ataacha barabara, ataziba njia ya mnyama, akishikwa atapoteza leseni, na wewe utakuwa umeshapanda ndege. Mpe shukrani yake mwisho wa safari, umeona chui ama hujaona. Hapo unamwambia kwamba kazi yake ni kukuonyesha msitu, si kuulazimisha.

Wenye walikuwa hapo kwanza

Kuna kitu mabango ya hoteli hayatakuambia. Hayo maeneo ya kati hayakuwa matupu. Jamii kama Wabaiga na Wagond waliishi ndani ya misitu ya katikati ya India tangu zamani, na vijiji vingi vimehamishwa ili chui milia wapate nafasi. Serikali husema kuhama ni kwa hiari na hulipa fidia, rupia milioni moja kwa familia kutoka 2008, baadaye ikaongezwa. Sheria ya haki za misitu ya 2006 inataka watu wakubali kwanza. Wanaharakati na wenyeji wamelalamika mara nyingi kwamba hiyo hiari huja na shinikizo. Na wale waliobaki pembeni, ng'ombe wao huliwa, na wakati mwingine watu pia.

Sisi tunajua hiyo stori. Ukikaa karibu na mbuga yoyote hapa kwetu utaisikia kwa lugha nyingine. Wewe kama mgeni huwezi kuimaliza, lakini unaweza kuchagua ganji yako iangukie wapi. Lala kwa nyumba ya mwenyeji badala ya hoteli ya ukuta mrefu. Chukua mwelekezi wa kijiji. Kula dishi ya mama wa hapo. Mtu ambaye ng'ombe wake ameliwa jana anahitaji sababu ya kutoweka sumu leo, na kazi inayotokana na mgeni ni mojawapo ya hizo sababu.

Kutoka Nairobi: mambo matatu usisahau

Ya kwanza, kadi ya manjano. India huwa haichezi na chanjo ya homa ya manjano kwa mtu anayetoka Kenya. Lazima uwe umedungwa angalau siku kumi kabla ya kuingia. Ukifika bila kadi unaweza kuwekwa karantini, na hapo kibali chako cha Ranthambore kinageuka karatasi ya kufungia njugu.

Ya pili, viza. Mkenya anaweza kuomba viza ya utalii mtandaoni kabla ya kusafiri. Tumia tovuti rasmi ya serikali ya India pekee, ju kuna tovuti bandia kibao zinazofanana nayo na zinakula doo za watu.

Ya tatu, njia. Kuna ndege za moja kwa moja kutoka Nairobi hadi Mumbai, kama masaa sita hivi. Ukitua, sogeza saa yako mbele masaa mawili na nusu. Kutoka hapo treni ndiyo rafiki ya bajeti, lakini nazo hujaa mapema, kwa hivyo tiketi ilipiwe pamoja na kibali.

Na usipomwona?

Inawezekana kabisa. Zamu nne, vumbi mpaka masikioni, na taiga amekataa kutoka. Lakini utakuwa umesikia sambar akipiga kelele bondeni na msitu mzima ukanyamaza. Utakuwa umeona nyayo mbichi juu ya alama za tairi za gari lililopita dakika chache kabla yenu, kumaanisha alikuwa hapo na aliwasikia mkija.

Wale watalii wa Sariska ya 2004 walilipa pia. Wakaingia, wakazunguka, wakatoka bila kuona, wakadhani ni bahati mbaya tu ya siku. Kumbe hakukuwa na mnyama wa kuonekana. Ukitoka Kanha ama Tadoba leo bila kumwona, angalau kamera za msituni zinathibitisha yuko. Amekaa tu upande wake wa asilimia 80, na huo ndio mpango wenyewe.